Bei ya Mwani Imehamia Kwenye Kina

Msikilizaji, mwani wa kotonii na mwani wa spinosamu huanikwa kwenye pwani moja, hutiwa kwenye viroba vya aina moja na hupimwa kwa mizani moja. Bei ndiyo inayoachana. Kilo ya kotonii hununuliwa kwa bei mara mbili ya spinosamu, na pengine zaidi ya hapo. Sababu iko viwandani ng'ambo: kotonii hutoa karagini inayogandisha kwa nguvu, na watengenezaji wa vyakula huitaka sana, ilhali spinosamu hutoa karagini laini, ambayo soko lake ni dogo. Na sehemu kubwa mno ya mwani unaovunwa Zanzibar hivi sasa ni spinosamu.

Haikukusudiwa iwe hivyo. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alianza kuuchunguza mwani wa mwambao wetu tangu miaka ya 1970. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani, kwa mbegu za asili ya Ufilipino, za aina zote mbili. Wanaume nao waliingia mwanzoni. Walipoona kazi ni nyingi na malipo ni haba, wengi wakarudi kwenye uvuvi, na baadaye wakaelekea kwenye hoteli. Wanawake wakabaki, na mpaka leo katika kila wakulima kumi wa mwani, wanane hivi ni wanawake. Fedha ya mwani ilinunua madaftari na sare za skuli, ikaezeka bati, ikampa mama wa kijijini senti zake mwenyewe ambazo hakuzipigia goti kwa mtu. Mimi naihesabu kuwa miongoni mwa mabadiliko makubwa yaliyopata kuingia katika nyumba za pwani ya mashariki ya Unguja, na yaliingia kwa kamba na vijiti tu.

Kwa msikilizaji aliye mbali na bahari, nieleze kazi yenyewe. Shamba la mwani hulimwa wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Vijiti hukitwa mchangani, kamba hufungwa baina yake, na kila tawi la mbegu hufungwa kwenye kamba kwa kijiuzi, taitai kama wanavyoita wenyewe. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa na kubebwa hadi nchi kavu ukiwa unachuruzika maji, mzito kama mawe. Kisha huanikwa. Kilo saba hadi kumi za mwani mbichi hutoa kilo moja kavu, na hiyo moja ndiyo inayolipiwa. Mvua ikinyesha ungali uwanjani, chumvi huoshwa, mwani hupauka na mnunuzi huushusha daraja. Ukiingia mchanga, vilevile. Vichanja vya kuanikia vingeokoa sehemu nzuri ya hasara hiyo, na ni vitu vya miti na nyavu ambavyo fundi yeyote wa kijijini anaweza kuviunda.

Lakini pigo kubwa zaidi lilikuja kutoka kwenye maji yenyewe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii ilianza kufa kijiji baada ya kijiji. Maji ya kina kifupi, yanapopigwa na jua la kaskazi, hupata joto ambalo kotonii haiwezi kulistahamili. Matawi hubadilika rangi yakawa meupe, hulainika, hukatika na kuchukuliwa na mkondo. Spinosamu ina moyo mgumu kidogo, ndiyo maana imebaki, ingawa nayo siku hizi inaugua. Dk. Flower Msuya, mtafiti aliyeutumikia mwani kwa miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Unguja, ameeleza tena na tena nini cha kufanya: kotonii ihamishiwe kwenye kina, ambako maji ni baridi zaidi, na ipandwe ndani ya mirija ya nyavu inayoelea ili mkondo usiikate. Majaribio yamefanywa, na mwani umekua.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mwanamke wa mwani amezoea maji ya magoti na kiuno. Kwenye kina anahitaji chombo na anahitaji kujua kuogelea. Wengi wao hawajui. Wamezaliwa mita chache kutoka baharini, wamekula samaki wa bahari hiyo maisha yao yote, na hakuna aliyewafundisha kuogelea, kwa sababu tangu zamani maji makubwa yalihesabiwa kuwa ya wanaume, na msichana akishabaleghe aliambiwa aondoke ufukoni. Basi mwani wenye bei nzuri umekwenda mahali ambapo aliyeulea kwa zaidi ya miaka 30 hawezi kufika. Tukiliacha hivi, kotonii itarudi Zanzibar, lakini itarudi mikononi mwa wenye mashua, na mama atabaki akifunga taitai kwenye spinosamu kwa bei ile ile.

Najua watakaoniambia: mbona wanatengeneza sabuni? Ni kweli, na nawapongeza. Tangu mwaka 2006 elimu ya kusindika mwani imeenea, na vikundi kama Tusife Moyo cha Kidoti vimetufundisha kwamba mwani uliosagwa, ukichanganywa na mafuta ya nazi na karafuu au mchaichai, ni bidhaa ya kupeleka dukani. Wapo wanaotengeneza juisi, jemu na achari. Hata hivyo tusidanganyane kwa hesabu. Kipande cha sabuni huchukua unga wa mwani kiasi cha kijiko. Zanzibar inakausha maelfu ya tani kila mwaka. Sabuni inawainua wanawake wachache wenye kikundi imara na watalii jirani. Familia nyingine zote zinakula kwa kiroba. Nimeona wafadhili wakifurahia kupiga picha na sabuni, na sikumbuki nilipowaona wakipiga picha na kichanja.

Serikali, katika mpango wake wa uchumi wa buluu, imegawa boti kwa wakulima wa mwani, na iliamua kuwa na kiwanda Chamanangwe, Pemba. Yote mawili nayaunga mkono. Kiwanda kikipata kotonii ya kutosha, tutapunguza kutegemea kampuni zinazomkopesha mkulima kamba na mbegu kwa sharti kwamba auze kwao kwa bei wanayoitaja wao. Ila boti peke yake haitoshi. Boti ya kikundi cha wanawake ambayo nahodha wake ni mwanamume wa kukodi itakwenda shambani siku anayotaka nahodha, na fungu lake litatoka kwanza.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa wizara, kwa masheha na kwa mashirika yanayosaidia vijiji vya mwani. Kila shehia inayolima ipate walimu wa kuogelea ambao ni wanawake, wenye mavazi ya stara yanayofaa majini, na muda wa mafunzo upangwe maji yakiwa yamejaa, wakati ambapo hakuna kazi ya shamba. Wakulima hao wanawake wafundishwe pia kushika usukani, kuwasha mashine na kusoma mkondo. Kipindi cha tangambili, bahari ikiwa shwari, kinafaa kabisa kwa kazi hiyo. Fungu la fedha lianzie hapo, kabla ya kununuliwa boti nyingine.