Kubadirisha USDT bila kumupa mutu ailinde: maneno kwa vijana

Banki za Goma zilifungwa Januari 2025, akiba zikabakia ndani. Kwenye intaneti pia: FTX ilianguka Novemba 2022, wateja hawakuweza kutosha franga zao. Njo maana vijana wanauliza: niko na USDT kwenye Tron, naitaka kwenye Ethereum, nipitie wapi?

Mujue kwanza, tokeni haivuki. Kwenye daraja inafungwa upande mumoja, ingine inatolewa upande wa pili. Ile sanduku njo wezi wanatafuta: Machi 2022 daraja ya Ronin iliibiwa zaidi ya dola milioni 600.

Njia ingine ni mutu na mutu. Kila mumoja anafunga yake kwa kufuli yenye siri moja, na saa ya mwisho. Wa kwanza akifungua, siri inaonekana, mwenzake naye anachukua. Mumoja akikimbia, saa ikiisha kila mutu anarudishiwa yake. Inakawia, lakini mimi naipenda kupita daraja.

Mujaribu na dola 5 kwanza, na mukuwe na TRX na ETH kidogo za kulipa nauli. Mwenye anaomba maneno yenu 12 ya siri kwa WhatsApp, eti "nikusaidie", mumubloke.