Ulishaji wa Mtoto Mwenye Mizio ya Vyakula Kadhaa Kibera na Kawangware: Tatizo la Unga wa Mchanganyiko

Mzio na hali zinazofanana nao

Mzio wa chakula hutokea pale kinga ya mwili inapoichukulia protini ya chakula kuwa adui. Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, watu husema "alaji", na neno hilo linatosha kwa kazi ya kila siku. Mzio wa haraka huonekana ndani ya dakika chache hadi saa 2 baada ya kula: mabaka yanayowasha, midomo au macho kuvimba, kutapika, kukohoa, kifua kulia. Mzio wa polepole huchukua saa nyingi au siku: ukurutu usiokauka, kuharisha, kamasi au damu kwenye choo, uzito usiopanda. Ipo pia aina ambayo mtoto hutapika mfululizo saa 1 hadi 4 baada ya kula, akapauka na kulegea. Hii ni rahisi kudhaniwa kuwa malaria au maji machafu, na inaweza kuletwa hata na mchele, chakula ambacho wengi hukiona hakimdhuru mtu.

Kushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa baada ya kuharisha si mzio, na kwa kawaida hupita baada ya wiki chache. Vipele vya joto si mzio. Mambo haya yanajulikana, na hayahitaji kurasa zaidi.

Mtoto mwenye mizio kadhaa huwa anadhurika na vyakula viwili au zaidi kati ya maziwa ya ng'ombe, mayai, njugu karanga, soya, ngano na samaki. Kwa mtoto wa Gatwekera au wa Kongo kule Kawangware, orodha hiyo ni nzito kuliko inavyosomeka. Njugu, soya, omena, mayai na maziwa vikiondolewa, kimeondolewa karibu kila kitu ambacho mama huambiwa kliniki aongeze kwenye chakula cha mtoto ili kipate nguvu.

Unga wa uji

Ulishaji wa watoto hawa katika mitaa hii huharibikia kwenye unga wa uji. Unga wa mchanganyiko unaouzwa kwa kupimwa katika soko la Kawangware, Toi na vibanda vya kando ya reli huweza kuwa na mahindi, wimbi, mtama, muhogo mkavu, soya, njugu, mbegu za terere na omena, na pengine ngano au unga wa maziwa. Muuzaji hupima kwa gorogoro, akachanganya kwa mazoea yake, na mchanganyiko wa wiki hii si lazima ufanane na wa wiki iliyopita. Hauna karatasi inayoeleza kilichomo.

Nia ya unga huu ni njema. Mama anayetoka alfajiri kutafuta kibarua cha kufua Lavington au Kileleshwa hana muda wa kuchemsha vyakula vinne, na sufuria moja ya uji humlisha mtoto siku nzima. Lakini kanuni ya kwanza ya kumwanzishia chakula mtoto anayeshukiwa kuwa na mzio ni chakula kimoja kwa wakati mmoja, na siku kama tatu za kutazama kabla ya kingine. Unga wenye vitu vinane huivunja kanuni hiyo kwa kijiko cha kwanza. Mabaka yakitokea hakuna awezaye kusema yameletwa na nini, awe mama, nesi au daktari.

Hali huwa mbaya zaidi kwa sababu uji huja mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu mitaa ya Korogocho na Viwandani, yenye maisha yanayofanana na ya Kibera, ulionyesha kuwa takriban asilimia 2 tu ya watoto walinyonyeshwa maziwa ya mama pekee hadi miezi 6. Mtoto wa miezi mitatu anayepewa uji wa namna hii hukutana na vyakula vyote kwa siku moja, katika umri ambao hakuhitaji hata kimoja.

Baada ya mabaka, mama huwa na njia mbili. Akiendelea na unga uleule, mtoto huendelea kudhurika. Akiacha vyote kwa pamoja, hubaki na uji mwepesi wa mahindi na sukari. Njia ya pili ndiyo inayopaswa kuwatia hofu zaidi wahudumu wa mitaa hii, na ndiyo isiyozungumzwa vya kutosha. Tumbo la mtoto wa kilo 8 hubeba kama mililita 240 kwa mlo mmoja. Uji mwepesi wenye gramu 6 za unga kwa kila mililita 100 humpa kama kalori 50 kwa mlo huo mzima, bila kuhesabu sukari. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri huhitaji kama kalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula. Wa miezi 9 hadi 11 huhitaji 300. Tumbo linajaa, mwili unabaki na njaa, na protini karibu haipo.

Hapo ndipo mtego hufunga. Mtoto aliyekosa protini huvimba miguu, nywele hubadilika rangi, na ngozi huanza kubanduka. Ngozi hiyo inayobanduka huonekana kama alaji imezidi, kwa hiyo chakula kingine tena huondolewa. Si jambo la mitaa ya Nairobi peke yake, wala si la umaskini peke yake. Mwaka 2001 madaktari wa ngozi wa Marekani walichapisha taarifa ya watoto 12 waliopata kwashakoo, ugonjwa huo wa kukosa protini, katika nchi tajiri, baadhi yao kwa sababu wazazi waliamini wana mzio wa maziwa, wakawapa kinywaji cha mchele badala yake. Ikiwa hilo liliwezekana huko, mtoto wa Laini Saba kule Kibera asiye na akiba yoyote mwilini analindwa na nini?

Kisiagi

Mama aliyeelewa haya hununua wimbi peke yake, akaupeleka kisiagi, na anaporudi nyumbani mtoto bado anavimba. Mashine za kusaga za mitaani hupitisha nafaka chini ya nyundo za chuma, kisha unga hushuka kupitia chujio na mfuko wa kitambaa. Unga wa mteja aliyetangulia hubaki kwenye chujio, kwenye kona za chuma na kwenye kitambaa. Aliyetangulia akiwa amesaga njugu na soya, wimbi safi hutoka na njugu na soya ndani yake. Mwenye mashine husema kweli anaposema hakuweka njugu, na mama husema kweli anaposema hakununua. Kwa mtoto mwenye mzio mkali kiasi hicho kidogo kinatosha.

Jambo hili limekuwa likisemwa kwenye mikutano ya lishe kwa miaka mingi, na kila mara hupewa mstari mmoja katika kumbukumbu. Ushauri wa kusafisha mashine hutolewa kana kwamba mwenye mashine anaweza kuizima kwa nusu saa huku foleni ya wateja ikimsubiri. Panapofaa pa kuanzia ni unga wa mahindi wa pakiti, usiochanganywa na nafaka nyingine. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawataka wenye viwanda kuongeza madini na vitamini kwenye unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti, yakiwemo madini ya chuma na zinki, ambayo unga wa kisiagi huwa haujaongezwa. Bora zaidi ni kuachana na unga kwa sehemu kubwa ya siku, na kumpa mtoto vyakula vya kuponda.

Tahadhari inahitajika hapa ili ujumbe usipotoke. Njugu si sumu kwa watoto wote. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2015, uliohusu watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, ulionyesha kuwa kuanza kuwapa njugu mapema kulipunguza sana mzio wa njugu walipofika miaka 5. Kuwakataza watoto wote wa mtaa njugu kwa sababu ya mmoja ni kosa. Kinachozungumziwa hapa ni mtoto ambaye tayari amedhurika.

Chakula cha matibabu

Mtoto huyu akidhoofika, utepe wa kupima mkono ukasoma chini ya sentimita 11.5, huingizwa kwenye mpango wa matibabu ya utapiamlo mkali. Pakiti ya gramu 92 anayopewa hutoa kalori 500, na imeokoa maisha ya watoto wengi mno duniani. Lakini kwa kawaida imetengenezwa kwa njugu zilizosagwa, unga wa maziwa, mafuta na sukari. Maziwa ya matibabu ya wodini nayo ni ya ng'ombe. Unga wa msaada ulioboreshwa huwa na mahindi, soya na maziwa. Mtoto mwenye mzio wa maziwa, njugu na soya hufungiwa milango yote mitatu kwa pamoja, na mhudumu mwenye pakiti mkononi hana kitu kingine cha kutoa. Maziwa maalumu ambayo protini zake zimevunjwavunjwa yapo Nairobi, ila kopo moja ni la maelfu ya shilingi na huisha kwa siku chache.

Maziwa ya mbuzi hayaokoi hali, ingawa hushauriwa kila mahali. Zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe hudhurika pia na ya mbuzi, kwa kuwa protini zake zinafanana sana. Kuyachemsha huua vijidudu na hakuondoi mzio.

Kituo cha kutunzia watoto

Mchana watoto wengi wa vibarua huwa kwa mlezi, kwenye chumba kimoja chenye watoto kumi au zaidi. Uji ni wa sufuria moja na vikombe huoshwa kwenye karai moja, kwa maji ya mtungi yaliyonunuliwa. Mpango wowote wa lishe unaoishia kwa mama huishia saa kumi na mbili asubuhi.

Mapendekezo

Mapendekezo haya hayachukui nafasi ya uchunguzi wa daktari, na yatumike kwa kufuata taratibu za wizara ya afya na za kaunti.

Mama aendelee kunyonyesha. Ikiwa mtoto anayenyonya tu ana damu chooni au ukurutu usiopona, na mhudumu wa afya anashuku maziwa ya ng'ombe, mama aache kuyanywa kwa wiki 2 hadi 4, ikiwemo chai ya maziwa, anywe strungi (chai isiyo na maziwa), kisha ayarejee ili ijulikane kama dalili zinarudi. Asipoyarejea, hakuna kilichothibitishwa, na mama mwenyewe atakuwa amepoteza chakula bure.

Hakuna chakula kiondolewe bila kutajwa kitakachokaa mahali pake. Hili ndilo pendekezo la msingi, nalo lirudiwe katika kila kliniki. Protini iliyokuwa ikitoka kwenye maziwa, mayai na njugu inaweza kutoka kwenye ndengu, maharagwe, kunde, maini na nyama ya kusaga, kila kimoja kikijaribiwa peke yake. Maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa huuzwa jioni kando ya barabara na huokoa makaa. Muuzaji aulizwe kwanza kama sufuria hiyo imepikiwa kitu kingine. Nguvu itoke kwenye parachichi, ndizi, viazi vitamu, nduma na malenge, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia huongeza kama kalori 40 kwenye bakuli. Mafuta yaliyokaangiwa samaki au mayai yasitumike. Sukuma wiki na terere zipondwe laini.

Unga wa mchanganyiko usipewe mtoto anayeshukiwa kuwa na mzio, hata kama muuzaji ni jirani anayeaminika. Itumike nafaka moja ya pakiti. Mama asiyeweza kukwepa kisiagi asage asubuhi mashine inapofunguliwa, akisaga kwanza kilo ya mahindi ya ugali wa watu wazima wasio na mzio, kisha nafaka ya mtoto. Hii hupunguza hatari, haiiondoi, na haimfai mtoto aliyewahi kuvimba midomo au kupumua kwa shida.

Wenye visiagi vya Kongo, Kawangware 56, Makina na Lindi waitwe kwenye semina za lishe. Hawajazoea kuitwa. Mashine moja katika kila eneo ikitengwa kwa nafaka tupu, bila njugu, soya wala omena, itafanya kazi ambayo mabango hayajaifanya.

Wauzaji wa unga waandike vilivyomo, hata kwa kalamu juu ya mfuko.

Mzio uandikwe kwenye ukurasa wa mbele wa kitabu cha kliniki, kwa Kiswahili, pamoja na chakula, siku na dalili. Mlezi wa kituo aonyeshwe ukurasa huo. Mtoto aende na chakula chake kutoka nyumbani kwenye chombo chenye kifuniko, na kikombe chake kifungwe uzi wa rangi na kuoshwa kwanza, kabla ya karai kutumika kwa vingine.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wapime mkono wa kila mtoto aliyeondolewa vyakula, kila mwezi, bila kusubiri adhoofike. Mkono unaoshuka ni sababu ya kumpeleka hospitali ya Mbagathi au ya Kenyatta mapema, penye mtaalamu wa lishe.

Kaunti ijadiliane na washirika wake kuhusu akiba ndogo ya chakula cha matibabu kisicho na njugu wala maziwa. Watoto wanaokihitaji ni wachache, na uchache wao usiwe sababu ya kuwasahau.

Midomo ikivimba na kifua kikilia, mtoto apelekwe hospitali kwa chombo chochote kilicho karibu, hata bodaboda. Piriton haizuii kifo cha mzio mkali. Dawa yake ni adrenalini, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, sindano ya msuli wa paja, na kila kituo cha afya kihakikishe ipo na haijapitwa na muda.

Watoto wengi wenye mzio wa maziwa na mayai huondokewa nao wanapokua, kwa hiyo katazo la mtoto wa miezi 7 lisibebwe hadi anapoingia shule. Kila baada ya miezi 6 hadi 12 mhudumu wa afya aamue kama chakula hicho kijaribiwe tena. Aliyewahi kuvimba au kupumua kwa shida hujaribiwa hospitalini tu, sindano ikiwa mezani.