Shada la Kikundi Lifumwe na Sisi Wenyewe
(Hotuba ya Mwenyekiti, siku ya kutimiza miaka kumi)



Habari za hisa na mikopo atawasomea mweka hazina. Mimi nasema juu ya mfuko wa jamii, maana ndio unaotuzika.

Mwenzetu akifiwa tunapeleka rambirambi pamoja na shada tulilonunua Tukuyu. Shada lenyewe ni maua ya plastiki, waya ndani, nailoni juu. Jamani, sisi hatuziki mbali. Tunazika nyumbani, kando ya migomba. Na mvua ya Rungwe mnaijua: muda si mrefu rangi imetoka, vipande vimetawanyika shambani. Jembe linagonga waya, ng'ombe anatafuna nailoni, mengine yanachukuliwa na mito mpaka Ziwa Nyasa. Tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, tukaitikia, tukashika vikapu. Lakini marufuku ile ilihusu mifuko ya kubebea, maua haikuyagusa. Basi kile tulichokifukuza sokoni tunakipeleka wenyewe makaburini.

Hata maua mabichi ya mjini, mengine huchomekwa kwenye sifongo ya kijani. Nayo ni plastiki, haiozi, inasagika tu.

Sasa tazameni hili hapa mezani. Duara ni ufito wa mwanzi uliokunjwa ungali mbichi. Umezungushiwa magome makavu ya mgomba, yaliyoloweshwa kidogo yasikatike, ukafungwa kwa kamba ya mgomba huohuo. Majani ni kangaga na mti wa krismasi. Maua ni dalia na waridi za uani kwetu, na yachomekwe asubuhi ya mazishi, siyo jana yake, yatalala. Waya hakuna, pini hakuna. Likinyauka libaki hapohapo liwe mbolea.

Maneno yatakuwepo, najua. Watasema kikundi kimefilisika, kinazika watu kwa majani. Waseme. Mfiwa ana watu wanaolala matanga, wanataka kula. Fedha ya shada aipate mkononi. Anayetaka alama ya kudumu apande masale kaburini.

Kwa hiyo naomba mkutano upitishe leo: shada lifumwe na wanachama wanne kwa zamu, na bei ya lile la dukani iongezwe kwenye rambirambi. Utepe uwe wa kitambaa, jina la kikundi limeshonwa kwa uzi. Baada ya mazishi katibu aufue, aurudishe sandukuni.