Ngozi Haina Pua

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu wasikilizaji, leo naomba ruhusa tuzungumze juu ya jambo ambalo baadhi ya wanaume wataliona la kike, wakakimbilia kuhamisha mawimbi. Wasihamishe. Anayenyoa ndevu asubuhi kisha akajimwagia kitu chenye harufu kali juu ya ngozi iliyokwanguliwa na wembe, naye yumo.

Siku hizi madukani, kuanzia Mtaa wa Kongo pale Kariakoo hadi River Road kule Nairobi, kumejaa vichupa vidogo vya mililita 30 hivi, vyenye kidondoshi mdomoni. Vinaitwa seramu. Si losheni wala si mafuta. Ni majimaji yenye utelezi ambayo mtu hudondosha matone mawili matatu kiganjani, akapaka usoni kabla ya mafuta yake ya kawaida. Bei yake ni kubwa ukilinganisha na ujazo wake, na ahadi zake ni kubwa kuliko bei. Kipo cha kung'arisha, kipo cha kukaza, kipo cha kuondoa madoa, na kipo cha kutuliza. Hicho cha mwisho ndicho ninachotaka tukijadili, kwa sababu kinatafutwa na watu ambao ngozi zao hazina simile: akibadilisha sabuni anawashwa, akipaka hiki kinamchoma, akishinda juani anatoka vipele.

Sasa mtu wa namna hiyo akiingia dukani hufanya nini? Hufungua kifuniko, husogeza chupa puani, hunusa. Ikinukia vizuri, ananunua. Isiponukia, au ikiwa na harufu kama ya dawa, huirudisha na kuuliza kama hakuna nyingine. Muuzaji naye, ambaye hakusomea ngozi bali anaijua biashara, ameshang'amua zamani kwamba pua ndiyo inayofungua pochi.

Simlaumu muuzaji, wala mnunuzi. Sisi ni watu wa harufu nzuri. Bibi harusi wa Unguja husingwa kwa singo yenye waridi na asumini kabla hajatolewa nje. Nguo hufukizwa udi, mgeni hunyunyiziwa marashi, kikuba hupachikwa nguoni. Kumwambia mtu wa Mombasa ajipake usoni kitu kisicho na harufu yoyote ni sawa na kumwambia apike pilau bila viungo. Atakutazama mara mbili.

Lakini ngozi haina pua. Manukato yanayotiwa ndani ya seramu hayaifanyii ngozi kazi yoyote. Hayailainishi, hayaitulizi, hayaitii maji. Yamewekwa pale kwa ajili ya mwenye kununua. Kwa watu wengi hayana neno, nami sitaki mtu aliyetumia mafuta yake ya kunukia kwa miaka ishirini bila tatizo aondoke hapa na wasiwasi. Huyo aendelee. Kwa mwenye ngozi nyepesi kuudhika, hata hivyo, manukato ni miongoni mwa mambo yanayoongoza kwa kuleta mzio utokanao na vipodozi.

Tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kuchomwa na kuna mzio. Kuchomwa huja papo hapo: umepaka, uso unawaka, unakimbilia bomba. Mzio ni mjanja zaidi. Unaweza kutumia kitu miezi sita bila shida, huku mwili unakisoma kimyakimya, kisha siku moja unakikataa. Tena hauji mara moja baada ya kupaka. Hujitokeza siku moja, mbili, hata tatu baadaye, wakati wewe umeshaanza kumshutumu samaki uliyekula jana. Na mwili ukishajifunza kukataa kitu kwa namna hii, kwa kawaida hausahau. Utakikataa ndani ya seramu, ndani ya losheni, na hata ndani ya sabuni ya kufulia.

Hapo huwa nasikia jibu moja: "Mimi natumia vya asili tu, havina kemikali." Jamani, upupu nao ni wa asili. Jumuiya ya Ulaya ilipotunga sheria mwaka 2003 ya kuwalazimisha watengenezaji wataje vitu 26 vya manukato vinavyojulikana kuleta mzio, vingi katika orodha ile vilikuwa ni vitu tunavyovijua sokoni. Yumo eugenoli, ambaye ndiye harufu ya karafuu yetu ya Pemba. Wamo geranioli wa waridi, sitrali wa mchaichai, linaloli wa mrehani, na limoneni wa maganda ya machungwa. Mwaka 2023 orodha hiyo ilipanuliwa ikapita vitu 80. Hao wawili wa mwisho, linaloli na limoneni, wana tabia mbaya zaidi: wakipigwa na hewa muda mrefu hubadilika, na kile wanachogeuka kuwa ndicho kinachoudhi ngozi kuliko wao wenyewe. Chupa yenye mafuta ya machungwa iliyokaa nusu wazi karibu na dirisha si ile uliyoinunua.

Sisemi karafuu ni sumu. Karafuu kwenye chai ni neema. Tofauti ni kwamba chai unainywa ikapita, na sabuni unaipaka ukaisuuza, bali seramu inalala nawe usiku kucha, juu ya ngozi nyembamba ya uso, karibu na macho.

Basi tusome karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Najua maandishi yake ni madogo kama mayai ya chawa, na mara nyingi ni ya Kiingereza au Kifaransa, na siku hizi Kikorea. Ombeni miwani. Mnachotafuta nyuma ya chupa ni neno "fragrance", "perfume" au "parfum". Neno hilo moja linaweza kuficha makumi ya vitu, kwani watengenezaji huruhusiwa kuuweka mchanganyiko wao wa harufu kama siri ya biashara. Ukiliona, na ngozi yako ni ya ugomvi, rudisha chupa. Halafu tazama kama yapo mafuta ya mimea yenye harufu, ya lavenda, ya ndimu, ya mnanaa, ambayo huandikwa kwa majina ya mimea na kupita mlangoni bila kuitwa manukato.

Mbele ya chupa kuna mtego. "Fragrance-free" maana yake ni kwamba manukato hayakutiwa. "Unscented" maana yake ni kwamba hainukii, na hilo ni jambo jingine kabisa, kwa sababu inawezekana imetiwa manukato kidogo ya kufunika harufu mbaya ya vitu vingine. Mtu akanusa, asisikie kitu, akaamini yuko salama. Kuhusu neno "hypoallergenic", yaani kisicholeta mzio kirahisi, Marekani ilijaribu katika miaka ya 1970 kulipa maana ya kisheria. Mahakama ikaitengua kanuni hiyo, na tangu hapo kila kampuni kule hulitumia inavyopenda. "Imepimwa na madaktari wa ngozi" nayo haisemi madaktari hao waliona nini.

Ndani ya chupa tunataka kuona nini? Orodha fupi, kwanza. Kila kitu kinachoongezwa ni mgeni mwingine wa kumjaribu. Gliserini ikiwa juu juu katika orodha ni dalili njema, maana vitu huorodheshwa kuanzia kilicho kingi, na gliserini huvuta maji na kuyaweka kwenye ngozi. Panthenoli ni nzuri. Shayiri iliyosagwa laini ina sifa ya kupunguza mwasho. Niasinamaidi, ambayo ni aina ya vitamini B3, husaidia ngozi kujijengea kinga yake, na asilimia 2 hadi 5 inatosha. Siku hizi wanashindana kutia 10 na zaidi, kana kwamba ngozi ni betri ya gari. Vitu vya kuchubua kwa asidi, vitamini C kali na retinoli vina kazi yake kwa wengine, lakini si kwa uso ambao tayari umekasirika. Na mwogopeni mentoli. Ukiipaka unahisi ubaridi mzuri, ukadhani umetulizwa. Ule ubaridi ni mishipa ya fahamu inadanganywa, na chini yake ngozi inaweza kuwa inaendelea kuudhika.

Kwa asiyeweza kununua seramu, na bei za mjini tunazijua, mafuta mazito ya petroli yasiyotiwa harufu hayana aibu. Madaktari wanapompima mtu mzio wa ngozi, mara nyingi vitu vya kupimia huchanganywa na mafuta hayohayo, kwa kuwa yenyewe ni nadra mno kumletea mtu mzio. Ila tazama vizuri lile kopo la waridi lenye picha ya mtoto. Mara nyingi limetiwa manukato, na watu wazima hulinunua wakiamini cha mtoto lazima kiwe kipole. Kasoro ya mafuta haya ni kwamba katika joto la Dar es Salaam uso hung'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Yapake usiku.

Pengine kuna anayesema moyoni: yote haya kwa ajili ya kuwashwa kidogo? Ndugu yangu, kwa ngozi nyeusi, kuwashwa hakuishii kwenye kuwashwa. Uso wa Mzungu ukiudhika unakuwa mwekundu, kisha wekundu unaondoka. Wa kwetu ukiudhika huacha doa jeusi, na doa hilo hukaa miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Sasa angalia msichana wa miaka ishirini na mbili. Alianza na seramu ya kunukia. Ikamwasha, akajikuna, akabaki na madoa mashavuni. Anakwenda kutafuta dawa ya madoa, na anayempokea ni muuza mkorogo. Anapewa kikopo kisicho na jina la kiwanda. Siku tatu mwasho umekwisha, wiki mbili amekuwa mweupe, anamshukuru Mungu na muuzaji.

Kilichomtuliza upesi hivyo mara nyingi ni steroidi kali, ile dawa ambayo daktari huitoa kwa siku chache na kwa sehemu ndogo. Ikitumiwa usoni kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vipele vinatoka, na siku akijaribu kuiacha uso unalipuka vibaya kuliko mwanzo. Kwa hiyo anarudi kwa muuzaji. Vikopo vingine vina zebaki, ambayo huharibu figo, na ambayo nchi zilizomo katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 zimekubaliana kuiondoa katika vipodozi. Msichana huyu hakutaka kujichubua. Alitaka uso usimwashe. Ndiyo maana nasema kitu chochote cha kupaka kinachotuliza kwa usiku mmoja tu, bila maelezo ya kilichomo, kiogopwe kuliko kile kisichofanya lolote.

Tanzania, kazi ya kukagua vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, kutoka kwa iliyokuwa TFDA. Kenya kazi ya viwango ni ya KEBS. Alama zao zitafuteni, lakini msizifanye hirizi. Alama haijui kama wewe binafsi una mzio wa kitu fulani. Hilo utalipima mwenyewe, na si kwa kupaka nyuma ya mkono dukani huku mwenye duka anasubiri chenji. Nimekwisha kusema mzio huchelewa. Chukua tone, paka sehemu ndogo ndani ya kiwiko, asubuhi na jioni, mahali palepale, kwa siku saba hadi kumi. Pakitulia, peleka usoni. Pakiwasha au pakitoka vipele, kichupa kimejieleza. Na usianze vitu viwili vipya kwa pamoja, maana vikigombana na uso wako hutajua umshitaki nani.

Aliyejaribu yote haya na bado uso haukai sawa aende kwa daktari wa ngozi. Kipimo cha mzio wanachotumia kina zaidi ya miaka mia moja. Daktari Josef Jadassohn wa Ujerumani alikieleza mwaka 1895, na msingi wake haujabadilika: vitu vinabandikwa mgongoni, vinaachwa siku mbili, kisha pale mahali panasomwa, na kusomwa tena baadaye. Kanda yetu haina madaktari wengi wa ngozi, lakini si kwamba hawapo. Pale KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, ambacho kimesomesha wahudumu wa nchi nyingi za Afrika, na ambako hutengenezwa pia mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino.

Wenye kupenda manukato, wayabakize. Udi kwenye kanga, marashi kwenye nguo, asumini kwenye nywele ikiwa shingo na masikio hayalalamiki. Waliofukiza nguo badala ya mashavu walikuwa na akili zao.

Na kwa atakayenunua kichupa juma hili: nyuma yake kuna kapicha kadogo ka kopo lililofunguliwa, na ndani yake pameandikwa 6M au 12M. Hiyo ni idadi ya miezi kinayofaa kutumika tangu siku ya kukifungua. Chukua kalamu ya wino usiofutika, andika tarehe chini ya chupa kabla hujadondosha tone la kwanza.