Leseni ya Dereva Aendaye Ujerumani



Vijana wetu wengi wameendesha malori miaka mingi katika njia ya Mombasa, kupitia Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Sasa wako wanaotamani kazi hiyo Ujerumani, hasa tangu Kenya na nchi hiyo zilipotia sahihi mapatano ya kazi huko Berlin, Septemba 2024. Hatuwazuii. Lakini tumeona ng'ombe wakiuzwa kwa neno la wakala tu, kwamba leseni ya Kenya yatosha.

Haitoshi. Leseni yetu hukubaliwa huko miezi 6 tangu mtu awe mkazi. Kisha hana budi kufanya mtihani wa sheria za barabara na wa kuendesha, hata kama ameshika usukani miaka 20. Tena dereva wa malipo apaswa kupata cheti cha ujuzi: mafunzo ya njia fupi ni saa 140, na mtihani juu yake. Kila miaka 5 hurudi darasani saa 35, mzee kwa kijana.

Basi tuulize kwanza mkataba wa mwajiri mwenyewe. Je, umeandika ni nani atakayelipia mafunzo hayo? Wakala naye aonyeshe kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Mwenye karatasi asiyoielewa na ailete kwa katibu, kabla hajampeleka ng'ombe mnadani.