Homa Isiyoisha kwa Mwenye Ugonjwa wa Vali za Moyo

Leo tunazungumza na wewe uliyeambiwa kuwa una ugonjwa wa vali za moyo, au una mtoto mwenye ugonjwa huo.

Vali ni milango midogo ndani ya moyo. Inazuia damu kurudi ilikotoka. Kwetu huku, nyingi zinaharibiwa na homa ya rumatiki, inayoanza na maumivu ya koo utotoni yasiyotibiwa. Mwaka 2008, madaktari wa shirika la Team Heart la Marekani walianza kuja Hospitali ya King Faisal, hapa Kigali, kuwapasua wagonjwa wa aina hiyo.

Vali iliyoharibika, au ya bandia, inaweza kushikwa na bakteria walioingia kwenye damu kupitia meno mabovu au vidonda. Dalili zinafanana na malaria: homa, kutetemeka, jasho la usiku, uchovu, kukonda. Baadaye pumzi inakatika na miguu inavimba.

Hatari iko hapa: unanunua vidonge vichache vya antibayotiki, unapata nafuu siku tatu, homa inarudi, unanunua tena. Bakteria hawajaisha. Wamepungua tu, na kipimo cha damu kinaweza kushindwa kuwaonyesha. Huku nyuma vali inazidi kuharibika.

Ufanye nini? Homa ikikushika, nenda kituo cha afya mapema. Neno la kwanza liwe hili: "Nina ugonjwa wa vali za moyo." Taja kila dawa uliyokunywa. Kipimo cha malaria kisipoonyesha kitu, uliza kuhusu rufaa ya hospitali, ili damu ichukuliwe kabla ya kuanza antibayotiki. Ukiona mdomo umekwenda upande au mkono umelegea ghafla, mgonjwa apelekwe saa hiyo hiyo.

Matibabu ni dawa za kuingizwa kwenye mshipa, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Usiondoke hospitalini kwa sababu homa imeshuka. Jamaa, pangeni zamu za kumhudumia mgonjwa na kuwaangalia watoto wake.

Kinga ni hii: piga mswaki kila siku. Kabla ya kung'olewa jino, mweleze daktari habari ya moyo wako. Na kama umeandikiwa sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4, usiruke hata moja.

Mwambie na jirani.