Mgrivilea wa Mbele ya Nyumba Unakauka

(Muziki wa kipindi, sekunde 10, kisha unashuka.)



Leo nina ujumbe wa mama mmoja. Mbele ya nyumba yake kuna mgrivilea alioupanda mwaka alioingia kambini, mche usiozidi shibiri mbili. Sasa watoto wanasomea chini yake na jioni majirani wanakuja kukaa. Lakini tangu mwezi uliopita kilele kinakauka. Jirani mmoja kamwambia amwage mafuta machafu ya gari kwenye shina. Mwingine anasema akate tu, apate kuni. Anauliza afuate lipi.

Mama, usifuate lolote kati ya hayo kwa sasa. Mafuta machafu hayaponyi mti. Yanaua mizizi na kuharibu udongo, na hapo ndipo watoto wako wanapokaa. Ukishaukata, nao huwezi kuurudisha kwa wiki moja.

Wengi wetu tuliotoka Kivu au Burundi tumekua tukiuona mti huu, wenye maua ya rangi ya chungwa yanayoita nyuki. Asili yake ni Australia. Uliletwa huku ili kutia kivuli mashamba ya chai na kahawa, watu wakaupenda, wakaupanda kando ya barabara na uani kwa urembo. Kwa hiyo tujue tabia yake. Wakati wa kiangazi mgrivilea huangusha majani mengi, mengine yakiwa ya njano. Huo si ugonjwa. Mvua ikinyesha unachipua tena.

Utajuaje basi? Kwangua ganda la tawi kidogo kwa ukucha. Ukikuta kijani chenye unyevu, tawi liko hai hata kama halina jani. Ukikuta kahawia kavu, limekufa. Anza kwenye ncha, shuka taratibu mpaka ufike kwenye kijani. Hapo umejua ugonjwa umefika wapi.

Kisha zunguka shina kuanzia chini. Tafuta mahali ambapo ganda limedidimia, limepasuka au limekuwa jeusi, na utomvu unatoka na kuganda kama gundi. Hicho ni kidonda cha ukungu. Ugonjwa huu unausumbua mgrivilea hasa sehemu kavu. Ukungu huingia penye jeraha, na mti wenye kiu hauna nguvu ya kuuzuia. Dawa ya kupulizia majani haifiki chini ya ganda, kwa hiyo usipoteze pesa yako.

Jeraha lenyewe mara nyingi tumelileta sisi. Mbuzi amefungwa shinani akala ganda. Jiko limewekwa karibu. Majivu ya moto yamemwagwa pale pale. Mfereji umechimbwa ukakata mizizi. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga waya wa kuanikia nguo kwenye mgrivilea mchanga, nikausahau. Mti ulinenepa, waya ukazama ndani ya ganda, na sehemu yote ya juu ikafa. Nilikuwa nikitafuta wadudu kwenye majani, kumbe mkosaji ni mimi!

Sasa matibabu. Chagua siku kavu, kwa sababu ukungu husambaa wakati wa mvua. Tumia msumeno au panga kali. Pitisha makali kwenye moto kabla ya kuanza, na tena kila unapohamia tawi jingine. Kata chini ya sehemu iliyokufa, ndani ya kijani. Kama unaondoa tawi zima, utaona uvimbe kama pete pale linapotoka shinani. Pete hiyo iache, ndiyo inayofunga kidonda. Tawi zito likate kwanza kidogo kwa chini, ndipo ukate kwa juu, lisije likachuna ganda la shina likianguka. Usipake kitu juu ya kidonda.

Matawi ya mgrivilea huvunjika kirahisi, kwa hiyo usimpandishe mtoto. Vaa mikono mirefu na unawe baadaye, maana utomvu wake huwasha baadhi ya watu. Matawi uliyokata yafanye kuni mapema, usiyarundike chini ya mti. Wala usiogope kukata hata kilele kizima. Mti huu huvumilia sana kupunguzwa, na huchipua upya.

Ukiona njia za udongo za mchwa, zifuate. Zikiishia kwenye tawi lililokufa, mchwa wamekuja kula mti mkavu tu. Ondoa tawi, bomoa njia zao.

Kuhusu maji, najua foleni ya bombani ilivyo. Ya kunywa na kupika kwanza. Lakini maji uliyooshea mboga au kusuuzia vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, mpe mti. Usimwage shinani, mwaga pale kivuli chake kinapoishia, ndiko iliko mizizi inayokunywa. Ndoo moja nzima mara moja ni bora kuliko kikombe kila siku. Tandaza majani makavu juu ya udongo, ila yasiguse shina.

Na kama kidonda kimezunguka shina lote? Sehemu iliyo juu yake haitapona. Ikiwa chini bado pana shina zima, kata hapo na usubiri machipukizi. Ikiwa kidonda kiko chini kabisa, au uyoga unaota kwenye mizizi na mti umeinamia nyumba, mwite kiongozi wa bloku na watu wa mazingira waje kuuona. Usiuangushe peke yako bila ruhusa. Panda mche mwingine hatua chache pembeni sasa hivi, ukiwa bado unangoja jibu.

Mama, anza kesho asubuhi na ukucha. Kisha tutumie ujumbe, utuambie ulikuta kijani au kahawia.

(Muziki unapanda.)